Sikio la Colobane

Miaka ya 1950, mtaani Colobane jijini Dakar, watoto walikuwa wakitoroka nyumbani usiku kwenda sinema ya ABC. Ilikuwa sinema ya uwanjani, isiyo na paa. Wazazi walikuwa wamewakataza kutoka, kwa sababu mtaa ule haukuwa wa kuuchezea giza likishaingia. Walitoroka hivyo hivyo. Kilichobaki ni hela ya tiketi, na hela hawakuwa nayo. Basi walikaa nje wakatega masikio. Waliokuwa ndani waliona farasi; waliokuwa nje walisikia kwato, kila mmoja akakiachia kichwa chake kimtengenezee farasi wake.

Mmoja wa watoto hao, mwenye umri wa miaka minane hivi, aliitwa Djibril Diop Mambéty. Alipokuwa mtu mzima, tayari anajulikana kama mwongozaji wa filamu zisizofanana na za mtu mwingine yeyote barani, aliieleza habari hiyo ya ABC alipozungumzia kwa nini sauti ina uzito namna ile katika kazi zake. Kwa miaka mingi, alisema, alisikia filamu kabla ya kuziona.

Zilikuwa za makauboi na za Kihindi, na yeye alipenda zaidi za makauboi. Msomaji aliyekulia Unguja, Mombasa au Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa mengi hapo: anaijua kelele ya ukumbi pale steringi anapotokea, na anajua kwamba wimbo wa Kihindi huimbwa mtaani wiki nzima na watu wasioelewa neno lake hata moja. Mambéty alianzia hapo hapo, kasoro kiti cha kukalia.

Alizaliwa mwaka 1945, mtoto wa imamu, katika jamii ya Walebu, wavuvi wa asili wa rasi ya Dakar. Wakati huo Mwafrika wa makoloni ya Ufaransa kushika kamera ya filamu halikuwa jambo la hiari yake. Mwaka 1934 waziri wa makoloni, Pierre Laval, alikuwa ametia saini amri kwamba atakayetaka kupiga filamu katika makoloni hayo aombe kibali kwanza, na maandishi yake na watu wake wachunguzwe. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu yao mwaka 1955 waliitengenezea Paris, kuhusu Waafrika wa Paris. Afrika yenyewe ilikuwa imefungwa kufuli.

Uhuru wa mwaka 1960 uliifungua, na aliyeingia kwa nguvu zaidi ni Ousmane Sembène, aliyekuwa kuli wa bandari ya Marseille kabla hajawa mwandishi wa riwaya. Sembène aliona kwamba watu aliowaandikia vitabu hawawezi kuvisoma, akaenda Moscow kujifunza filamu ili awafikie. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, dakika 20 hivi za mwendesha mkokoteni na siku yake mbaya. Filamu zake zina unyoofu wa mwalimu mzuri: anakuonyesha dhuluma, anakuonyesha anayeifanya, na ukitoka ukumbini unajua umeona nini. Nazipenda. Lakini kwa miaka mingi zilifanya watu waamini kwamba filamu ya Kiafrika ni hiyo tu, na kwamba asiyefundisha anapoteza mali ya taifa.

Mambéty hakusomea filamu popote. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani katika Ukumbi wa Taifa wa Daniel Sorano, Dakar, mpaka akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Ni bahati yetu. Kijana huyo asiye na cheti wala kazi akajipatia kamera, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akatoa filamu fupi, Contras' City, matembezi ya Dakar kwa gari la farasi huku mwanamke wa Kifaransa na mwanamume wa Kisenegali wakitaniana nje ya picha kuhusu majengo ya kikoloni. Tayari sauti inafanya kazi yake, na picha inafanya yake, kila moja ikimcheka mwenziwe. Mwaka 1970 akafuata na Badou Boy, habari ya mtoto wa mtaani anayekimbizwa na polisi mnene mji mzima, ikapata tuzo ya pili katika tamasha la Carthage, Tunisia.

Kisha, akiwa na miaka 28, akatoa Touki Bouki.

Kwa Kiwolofu maana yake ni safari ya fisi. Iligharimu dola 30,000 hivi, na hela hiyo hata wakati ule ilikuwa ya mboga tu katika biashara ya filamu. Hadithi ukiisimulia kibarazani inaisha kabla kahawa haijapoa: kijana Mory na mpenzi wake Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu, wanataka kwenda Paris, hawana nauli, wanaiba, wanafika bandarini. Sembène angeitengeneza kwa saa moja na kila mtu angeelewa. Mambéty aliivunja vipande kama chungu, kisha akaviunganisha kwa masikio.

Tazama mwanzo wake. Mvulana amepanda ng'ombe mwenye pembe ndefu, nyuma yake kundi linakuja polepole kuelekea kwetu, na filimbi ya wafugaji inapigwa. Ni picha ya Afrika ya kwenye kalenda. Mtazamaji anajilaza kwenye kiti. Ghafla tuko machinjioni. Ng'ombe anaburutwa kwa kamba, anapinga kwa miguu yote minne, sakafu imelowa damu, na anachinjwa mbele yetu bila kukatishwa. Filimbi hakuna tena. Halafu tunarudi kwa yule mvulana na mwendo wake wa taratibu, na sauti ya pikipiki inaanza kuingia kabla ya pikipiki kuonekana. Ikitokea ni ya Mory: mbele kwenye usukani amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake, nyuma pameshikizwa chuma chenye umbo kama msalaba wa jamii ya Wadogoni. Hatujaambiwa neno hata moja, lakini sikio limeshaunganisha kundi, machinjio na kijana anayejiona huru barabarani.

Na wimbo. Josephine Baker, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyepata umaarufu Ufaransa, anaimba kuusifu mji wa Paris, na Mambéty anaurudia ubeti uleule kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa. Mara ya kwanza unatamani kusafiri. Mara ya tano unaanza kucheka. Mara ya kumi ni kero, ni mbu sikioni, na hapo ndipo unapomwelewa Mory vizuri kuliko ambavyo mazungumzo yoyote yangekueleza. Anavyoishi ni hivyo: kuna sauti kichwani inayomwita mahali asipopajua, na haizimiki.

Mapenzi ya Mory na Anta nayo hayaonyeshwi kama tulivyozoea. Juu ya jabali linalotazama bahari tunaona mkono wa Anta umeukamata ule msalaba wa chuma wa pikipiki, tunaona mawimbi yanavunjika chini, tunasikia pumzi. Basi. Wakosoaji wa Ulaya waliandika kwamba kijana huyu amejifunza kwa Wafaransa wa wimbi jipya, kwa Godard na wenzake, na mpaka leo sentensi hiyo inanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Labda aliziona filamu zao, nani hakuziona? Lakini mtoto aliyezoea kusikia risasi na kutunga mwenyewe ni nani aliyeanguka hahitaji Mfaransa wa kumfundisha kwamba sauti na kitu chake vinaweza kukaa mbalimbali.

Wizi wao, kwa kweli, ni vichekesho vitupu. Wanakwenda kwenye mieleka, pambano la kuchangia sanamu ya Jenerali de Gaulle, wanatoroka na sanduku wanalodhani lina mapato ya mlangoni. Wakilifungua wanakuta fuvu na hirizi. Baadaye wanamwibia tajiri mmoja nguo na gari lake lililopakwa bendera ya Marekani, na Mory, uchi wa mnyama, anasimama garini akipunga ngumi kwa umati wa kichwani mwake kama rais aliyetoka kuapishwa. Katika ndoto yake hata shangazi Oumy, aliyekuwa akimtolea matusi kwa sababu ya deni, anamwimbia sifa. Shangazi huyo aliigizwa na Aminata Fall, mwimbaji wa Saint-Louis mwenye sauti ya kupasua kuta. Mumkumbuke, maana atarudi.

Mwisho uko bandarini. Meli ni Ancerville. Anta amepanda. Mory yuko kwenye ngazi, mguu mmoja Afrika. Meli inapiga honi, na honi ile, nzito, ya chini, ni mlio wa ng'ombe. Picha za machinjio zinarudi, kamba, pembe, macho. Mory anageuka na kukimbia. Hakuna hotuba juu ya uzalendo wala machozi ya kuagana. Kijana amesikia sauti, basi, naye amekulia katika sauti. Pikipiki yake anaikuta imevunjika, na pembe nazo zimevunjika. Anta anaondoka na meli.

Filamu ilionyeshwa Cannes na Moscow mwaka 1973, ikarudi na tuzo. Mtu angetegemea kwamba milango imefunguka. Haikuwa hivyo. Senegal haikuwa na maabara ya kusafishia filamu. Mkanda ulisafiri kwenda Ulaya, na aliyetaka kuufuata alihitaji hela na subira ya ofisi za watu. Wala Mambéty hakuwa mtu wa kusubiri foleni kwa adabu. Ilipita miaka 19 kabla hajatoa filamu ndefu nyingine. Katikati kuna filamu fupi ya mwaka 1989, Parlons grand-mère, aliyoipiga Burkina Faso huku rafiki yake Idrissa Ouédraogo akitengeneza Yaaba: mwongozaji bila filamu, akimpiga picha mwenzake mwenye filamu. Si rahisi kuitazama bila kumwonea uchungu.

Lakini fisi alikuwa hajamwachia. Katika ngano za Kiwolofu Bouki ni fisi na Leuk ni sungura, na msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Sungura na Fisi atajua mara moja nani mjanja na nani mlafi. Mambéty aliongeza jambo ambalo ngano hugusa kwa mbali tu: fisi ana pua ya ugonjwa. Anaweza, alieleza, kumfuata simba mgonjwa msimu mzima, bila haraka, akingoja. Sisi tunalo neno la namna hiyo, nalo ni la kutisha kuliko linavyosikika midomoni mwa wazee: fisi akila muwele, mzima funga mlango.

Mwaka 1992 akaleta Hyènes, yaani Fisi, ikashindanishwa Cannes. Kiini chake amekichukua katika tamthilia ya mwaka 1956 ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, ambamo mwanamke tajiri anarudi katika mji wake maskini na kuupa mali isiyohesabika kwa sharti moja: wamuue mwanamume aliyemharibia ujana wake. Mambéty aliuhamishia mji huo Colobane. Ndiyo, Colobane ileile ya sinema ya ABC, safari hii kama kijiji kilichokauka kando ya Sahara. Mwanamke ni Linguère Ramatou, tajiri kuliko Benki ya Dunia, ana mkono na mguu wa dhahabu baada ya ajali ya ndege. Mwanamume ni Dramaan Drameh, mwenye duka, mtu mpole anayekopesha watu vinywaji, ambaye ujanani alimkana Ramatou na mimba yake, akawahonga mashahidi wawili waseme uongo. Yeye mwenyewe Mambéty anaigiza jaji wa zamani, sasa mtumishi wa tajiri.

Wazee wa mji wanakataa kwa hasira. Sisi si wauaji, wanasema. Kisha siku chache zikipita, Dramaan anawatazama wateja wake miguuni. Mmoja ana viatu vipya vya njano. Mwingine naye. Viatu vimetoka Burkina Faso na vimenunuliwa kwa mkopo. Dramaan anauliza, mtavilipia na nini? Hakuna anayejibu. Nimesoma kurasa nyingi za wachumi juu ya miaka ile ya masharti ya mikopo, ambayo sisi Tanzania tuliionja kwa jina la ruzuku iliyoondolewa na karo iliyorudi, na sijakutana na ukurasa unaosema mengi kama viatu vile. Baada ya viatu zinakuja feni, majokofu, fataki, bembea za maonyesho. Kila kitu kinawaka na kulia. Kelele ya furaha ya mji inapanda kadiri sauti ya Dramaan inavyopungua.

Alitaka filamu iwe ya bara zima na si ya Senegal peke yake, na hapo Afrika yetu ya Mashariki inaingia: tembo wanaotembea mwanzoni, alisimulia, aliwaazima kwa Wamaasai wa Kenya, na fisi wakatoka Uganda. Mwanzoni kabisa miguu ya tembo inapishana na miguu ya watu wa Colobane, mwendo uleule mzito, vumbi lileile. Mwishoni wanaume wa mji, wamevaa magunia ya mchele, wanamzunguka Dramaan. Duara linakaza. Linapofunguka, chini pamebaki koti. Kisha linakuja tingatinga, nalo linasawazisha kila kitu.

Miaka sita aliyobakiwa nayo aliipangia hadithi tatu za watu wadogo. Ya kwanza, Le Franc ya mwaka 1994, ilizaliwa na tukio la kweli: tarehe 11 Januari mwaka huo faranga ya CFA ilikatwa thamani kwa nusu, watu wakalala na hela wakaamka na nusu yake. (Faranga ya Komoro, kwa jirani zetu, ilipunguzwa pia, japo kidogo zaidi.) Marigo ni mwanamuziki aliyenyang'anywa kongoma yake, sanduku lenye vyuma vya kupigwa kwa vidole, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Mwenye nyumba anaishikilia kwa sababu ya kodi. Mwenye nyumba ndiye Aminata Fall, na sauti yake haijapungua. Marigo ananunua tiketi ya bahati nasibu, anaigandisha kwa gundi mlangoni isipotee, anafunika na picha ya Yaadikoone, yule mwizi wa Dakar aliyesifika kwa kuwagawia maskini. Tiketi inashinda. Haibanduki. Basi Marigo anaung'oa mlango mzima, anajitwika, anakatiza nao jiji mpaka ofisi ya bahati nasibu, ambako anaambiwa namba ya kuhakiki iko upande wa nyuma.

Ya pili, La Petite Vendeuse de Soleil, haifiki hata saa moja, na kwangu ndiyo filamu nzuri kuliko zote alizofanya. Sili ni msichana anayetembea kwa magongo. Anachoka kuombaomba na bibi yake kipofu, anaamua kuuza gazeti la Le Soleil barabarani kama wavulana. Wavulana hawataki. Siku ya kwanza anapewa nakala 13, tajiri mmoja anazinunua zote, na askari anamshuku kuwa mwizi. Sili anamwongoza askari yule yule mpaka kituoni kumdai haki yake, na akitoka anatoka na mwanamke mwingine aliyekuwa amesingiziwa. Hapa pia sikio ndilo linaloongoza: gongo likigonga lami, bibi akiimba, kijana wa kiti cha magurudumu akiwa na redio mapajani, na Sili, gauni jipya la njano mwilini, anacheza. Wavulana wanapomwibia gongo, rafiki yake Babou anambeba mgongoni.

Mambéty hakuiona ikionyeshwa. Alifariki Paris tarehe 23 Julai 1998 kwa saratani ya mapafu, umri miaka 53, filamu ikamaliziwa na wenzake na kutoka mwaka 1999. Ya tatu, ya mvunja mawe mwanamke, haikupigwa.

Touki Bouki ilisafishwa upya mwaka 2008 na taasisi ya Martin Scorsese, na mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walitangaza ziara yao kwa picha wamepanda pikipiki yenye pembe. Vijana wengi waliiona pembe ile hapo kwa mara ya kwanza.

Mimi napenda zaidi alichofanya mpwa wake, Mati Diop, mwaka 2013. Alimtafuta Magaye Niang, yule aliyeigiza Mory, akamkuta bado yuko Dakar, mzee, anachunga ng'ombe. Katika filamu yake Mille Soleils mzee anapitisha kundi lake katikati ya magari, na juu yake unapigwa wimbo wa High Noon, filamu ya makauboi ya mwaka 1952. Usiku Touki Bouki inaonyeshwa nje, hadharani, watoto wamekusanyika. Mzee anawaonyesha kijana wa kwenye pazia, anawaambia, yule ni mimi. Watoto wanamtazama, wanalitazama pazia, wanacheka. Hawamwamini.